Mti Mmoja Umebaki Mteremkoni, na Pointi Ninatoa Mimi

Wasomaji wetu, barua hii imetoka Kisangani. Jina la mwandishi na la shule yake yamebaki kwetu, na la msichana tumelibadilisha. Msomeni, halafu mumsaidie.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto, na nilitoka Maniema kuja hapa kufundisha sayansi ya mazingira katika shule ya sekondari. Wanafunzi wananiita Papa Zero, na si kwa kunipenda. Naandika kwa sababu nimekwama kabisa. Mke wangu amechoka kunisikia nikiongea peke yangu.

Shule yetu iko juu ya mteremko, na chini kuna kijito. Kila mvua kubwa inabeba udongo, mpaka msingi wa darasa la mwisho umebaki wazi, ukiinama unaona upande wa pili. Basi mwanzo wa mwaka niliwaambia wanafunzi wangu wa darasa la tano kwamba safari hii hawatakariri maneno yangu na kunitapikia siku ya mtihani. Kila mmoja atapanda mti mmoja mteremkoni na kuutunza, na nusu ya pointi za mwaka ziko kwenye mti huo. Nikija kuukagua na kuukuta hai, anapata zote. Nikiukuta umekufa, zero. Walinung'unika sana. Mmoja akauliza, je, mbuzi akiula? Nikasema zero. Na mwenye mti akishikwa na malaria? Zero, atume ndugu yake amwagilie maji. Siku hiyo nilijiona mwalimu kweli kweli.

Wengi walileta mbegu za avoka kutoka jikoni. Msichana mmoja, tumwite Furaha, alileta mbegu ya safu, lile tunda la zambarau la kuchemsha, kutoka kwa bibi yake aliyeko Banalia, ameifunga kwenye jani bichi, maana mbegu ya safu haingoji, ikikauka imekufa. Furaha hana baba. Anakaa kwa tonton wake, yaani mjomba, anayebeba mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka, na nyumba nzima inamtazamia yeye apate diploma.

Miti ilishika vizuri. Kisha tukaambiwa wakubwa wa Chama watatembelea shule, na préfet, ndiye mkuu wetu, akaamuru salongo ya nguvu. Mnaijua salongo, kazi ya wote ya kila Jumamosi, na asiyeifanya anakatwa pointi za tabia. Mnajua pia usafi kwetu ni nini: ni udongo mtupu uliofagiliwa. Majani ni nyoka, majani ni aibu. Préfet alitazama mteremko wangu, akaona pori.

Mimi nilipelekwa na watoto wa madarasa ya chini kusafisha barabara. Niliporudi, mteremko ulikuwa umenyolewa. Wanafunzi wangu walikuwa wamefyeka miti yao kwa mikono yao wenyewe, na walisimama wananitazama kama watu wa msibani. Amri ni amri, wakaniambia. Mti mmoja tu, ule wa safu, ulikuwa bado umesimama, na Furaha amekaa pembeni yake, panga magotini.

Wakubwa walikuja, wakasikiliza nyimbo, wakaondoka. Hata mmoja hakutupa jicho mteremkoni. Mvua iliyofuata ikabeba udongo kuliko zamani, na Furaha akaandikiwa zero ya tabia kwa kukataa salongo. Zero hiyo maana yake ni kufukuzwa, tena kabla ya kufika mtihani wa serikali.

Nilikwenda kwa préfet kumwombea. Si mtu mbaya, naye ana watu juu yake anaowaogopa. Alifunga mlango kwanza, kisha akaniita raia na ninyi, kwa heshima, kama desturi yetu.

"Citoyen, akate ule muti yeye mwenyewe, mbele ya drapeau, pale tunasalimia bendera, banafunzi bote baone," akasema. "Mimi nafuta zero yake, ninyi munapatia bote pointi sawa-sawa, mambo inaisha. Akikatala, anatoka. Na ninyi mukiendelea kumutetea, mutamufuata."

Nyumba ninayolala ni ya shule, ndugu zangu. Nikifukuzwa leo, kesho watoto wangu wako nje.

Jioni hiyo tonton wake akaja kwangu moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la magunia bado mabegani. Alinisihi niongee na mtoto, kwa sababu nyumbani kila anachoambiwa anajibu kwamba Mwalimu alisema. Hayo maneno yalinichoma. Basi nikamwita Furaha pale mteremkoni baada ya masomo, nikamwambia yote ambayo sisi wakubwa husema: mti ni mti tu, utapanda mwingine, fikiria diploma, fikiria tonton wako. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akauliza taratibu:

"Mwalimu, nikiukata, mutanipatia pointi ngapi?"

Hakuwa na ujeuri. Alitaka kujua kanuni. Nikasema nitamjibu, nikaondoka haraka asione macho yangu.

Akiukata nikamwandikia zero, kama nilivyosema, anaanguka kwa mkono wangu. Nikimwandikia sawa na wengine, nimemdanganya tangu siku ya kwanza. Nikimwambia asiukate, namfukuzisha, na watoto wangu nawatoa nje. Baraza la walimu litakaa mwisho wa muhula kupitisha pointi. Kila asubuhi Furaha ananisalimia, anamwagilia safu yake maji, haulizi tena, anangoja tu.

Ninyi mnaonisoma, wazazi, walimu wenzangu, hata mwanafunzi, niambieni nimjibu nini mtoto huyu. Kwa mbuzi nilikuwa na jibu, kwa malaria nilikuwa na jibu. Kwa panga sina.