Yakubhai na Milango Isiyokuwa Yake

Jamani, hili bado halijaniingia. Ijumaa jioni nimebishana na Yakubhai kuhusu matambara, Jumamosi adhuhuri wanamzika. Moyo tu, ulisimama. Hatukupata hata nafasi ya kumuuguza.

Kwa msiomjua: alikuwa na duka la hadiwea hapa mji wa kale, Malindi, mkabala na kibanda changu cha cherehani. Mimi Kadzo, Mgiriama wa Magarini. Yeye Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa mtaa huuhuu. Miaka yote hii tumekunywa chai pamoja na kutaniana bila kuchoka.

Yeye ndiye aliyeanzisha kundi letu la kutunza milango ya zamani, ile ya nakshi, ambayo wachuuzi wa vitu vya kale huja kuinunua na kuipeleka mbali. Ofisi hatuna. Tuna WhatsApp, ndoo ya mafuta ya kupaka mbao, na Jumapili alasiri.

Alasiri, kwa sababu alisema asubuhi lazima Kadzo aende kanisani kwanza akaombewe mdomo wake!

Admin mkali huyo, weh! Ukituma maua ya "good morning" kwenye group, unatolewa. Siku moja alimtoa mkewe. Alimrudisha kabla ya chakula cha mchana.

Matambara ya kupakia mafuta yalitoka kwangu, mabaki ya vitambaa. Alikuwa akiyachambua kama mchele. "Kadzo, hii polista yasukuma mafuta tu, hainywi. Wataka kuniaibisha mbele ya mlango wa watu?" Ijumaa nilimjibu anunue yake. Akacheka, akafunga duka, akaenda zake.

Lakini nikimfikiria Yakubhai, namwona zaidi siku ile kwa Bi Mwanasha.

Bi Mwanasha ni bibi anayeishi peke yake nyuma ya msikiti. Zikaja habari kwamba amekubali kuuza mlango wake, mzuri kuliko yote mtaani, na kwamba mchuuzi anakuja kesho kuung'oa. Kwenye group moto ukawaka. Mmoja akamwita msaliti. Mwingine akataka tuite waandishi wa habari. Yakubhai akaandika mstari mmoja tu: "Kuna aliyemuuliza kwa nini?"

Hakuna.

Tukaenda, mimi na yeye.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, baba. Na wewe umekuja kunifokea?"

"La. Nimekuja kuuliza. Mlango umekukosea nini?"

Akatuonyesha. Mchwa wameula chini, ubao umelala upande, komeo halifiki. Tangu binti yake aolewe Gede, kila anapokwenda kulala husukuma pipa la maji liuzuie. Mchuuzi alikuwa amemwahidi mlango wa chuma wenye kitasa kipya.

"Nyinyi mwapenda nakshi," akatuambia. "Miye nataka usingizi."

Yakubhai alitazama chini, machozi yakimlenga. Hakusema neno kuhusu historia wala urithi. Akaenda kumwita seremala, akaleta komeo jipya kutoka dukani kwake, na majirani wakaja kushika huku na huku. Wakauinua mlango, wakakata palipooza, wakaunga ubao. Magharibi ikaadhiniwa bado wanagonga misumari ya mwisho. Bi Mwanasha akafunga, akafungua, akafunga tena, anacheka kama msichana.

Kesho yake mchuuzi akafika na pick-up na vijana wa kubeba. Akajibiwa kutoka ndani: "Rudi kwenu mwanangu, mlango ushafungwa!" Mtaa mzima ulicheka. Mlango upo pale mpaka leo, na Bi Mwanasha analala.

Tangu siku ile, agenda ya kwanza ya kila mkutano ikawa moja: nani ana shida nyumbani kwake? Nakshi baadaye. Wenye nyumba waliokuwa wakitukimbia mwanzo walikuja wenyewe.

Sasa, kuna kitu ambacho sikuwahi kukielewa. Yakubhai mwenyewe aliishi ghorofani, fleti ya kupanga, mlango wa grili. Mlango wa nakshi hakuwa nao hata mmoja. Nikimuuliza anahangaika kwa nini, ananiambia angekuwa nao angeanza upendeleo. Mzaha tu, kila mara.

Jana matangani nimemuuliza mkewe, Bi Zarina. Amenishika mkono, akanisimulia.

"Babu yake alishuka hapa Malindi kutoka Bara Hindi akiwa kijana, hana ndugu, hana pa kulala. Kuna nyumba ilimfungulia, ikamweka mpaka akapata kazi. Yakub alisimuliwa hayo tangu mdogo. Lakini babu alifariki kabla hajamwonyesha ni nyumba gani. Hakuujua mlango wenyewe ni upi, Kadzo. Ndipo akaamua kuitunza yote."

Nimelia mbele za watu, na sikuona haya.

Yakubhai, ndugu yangu, ungeniambia. Nisingekutania hata kidogo. Au labda ningekutania, lakini kwa upole.

Pumzika kwa amani. Na huko ulikofika, ufunguliwe kabla hujabisha hodi.