Mafuta Kwenye Ini la Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alipovimba miguu na uso, mama mkwe alinihukumu pale pale uani: nimembemenda, yaani nimelala na mume kabla mtoto hajaacha kunyonya. Mume gani? Mwanawe alikuwa Buhemba anachimba dhahabu, hata sikukuu hakurudi! Nilichemka. Nikambeba mtoto mgongoni hadi hospitali, Musoma mjini, mama mkwe nyuma yangu akinisema njia nzima.

Daktari alimbonyeza mtoto tumbo, chini ya mbavu za kulia. "Ini limejaa mafuta," akasema.

"Mafuta?" mama mkwe akang'aka. "Mafuta ya wapi? Dukani tunaonaga madebe matupu tu!" Hapo alisema kweli, miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni.

"Ini linayatengeneza lenyewe, mama, kutokana na ugali wa muhogo. Kuyatoa sasa linahitaji protini na vitamini, naye hana. Ni kama pamba pale Bunda, ghala limejaa, malori hakuna. Samaki anakula?"

"Kila siku," nikajibu.

"Samaki, au mchuzi?"

Kwetu nyama ya samaki ni ya wakubwa. Mtoto anachovyewa tonge kwenye mchuzi, basi. Na ziwa liko mlangoni, jamani!

Wakaanza kumpa maziwa kidogo kidogo na vitamini, baadaye samaki. Nilidhani atanenepa. Wapi! Uvimbe ulipokauka ikabaki mifupa. Nesi alisema maji ndiyo yametoka, ni dalili njema.

Mama mkwe hakutaka kusikia. "Mnamuua! Alikuja mnene, mwoneni sasa!" Akataka kumpeleka kwa mganga, Kiabakari. Akamshika mtoto mkono mmoja, nami nikang'ang'ania mwingine.

"Ukimtoa hapa atakufa, mama," nikamwambia. Sikujali tena kama ni mkwe.

Katika kuvutana, kipande cha samaki wa sato kikamdondoka mtoto mkononi. Tangu tulazwe alikuwa hata akichomwa sindano halii. Sasa akapiga ukelele wa hasira, akauchomoa mkono niliomshika, akamtandika bibi yake kofi la uso.

Nesi akacheka. "Anayegombea chakula hivyo, huyo anapona."

Mama mkwe akamwachia mkono. Akaketi kitandani, akavuta bakuli, akaanza kumtolea miiba. Mimi hakunitazama.

"Kula, mume wangu," akamwambia mjukuu wake, machozi yanamtoka. "Nipige tena, ila kula."