Shemeji Yangu na Mpira Mweupe

Ndugu mkubwa wa mke wangu ndiye aliyepokea ng'ombe wa mahari, na kwetu Arua mtu wa namna hiyo hakemewi. Unampisha kiti, unamwitikia, unacheka akitaka ucheke. Kwa hiyo katika miaka ile ya tisini, aliponiomba niwe mwenzake katika mchezo wa pool, nilikubali, na tangu siku hiyo nikaishi na kifua kilichojaa maneno niliyoyameza.

Nilikuwa nafundisha hesabu shule moja pale Mvara, na pool niliupenda kama mtu wa hesabu. Kutumbukiza mpira shimoni ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kujua mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, utasimama wapi baadaye, maana ukisimama pabaya, mpira unaofuata huwezi kuupiga. Mimi nilianzia mwisho na kurudi nyuma. Mweusi, unaopigwa wa mwisho kabisa, nitauingiza shimo gani? Basi mweupe usimame wapi? Basi mpira wa kabla yake uwe upi? Nilichora haya yote katika daftari, na mishale ya kalamu nyekundu.

Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Awindiri, naye alipiga kama mtu anayebomoa ukuta. Mpira uliingia kwa kishindo, kweli, lakini mweupe ulizunguka meza nzima, na mara nyingi ukaishia shimoni wenyewe, na hilo ni kosa. Tena katika mchezo wa wawili-wawili mnapokezana: yeye anapiga mmoja, mimi ninapiga unaofuata. Kila alichokiharibu kiliniangukia mimi.

Siku moja nilijaribu kumweleza kwa sauti ya chini.

"Shemeji, ukipiga polepole, mweupe itakaa hapa. Mimi nitapata ile nyekundu ya pembeni."

"Hii yangu iliingia?" akauliza.

"Iliingia."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikamletea daftari. Akafunua kurasa moja moja kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za arusi ya watu asiowajua, kisha akanirudishia.

"Shemeji," akasema, "mwaka sabini na tisa, vita ilipofika, sisi watu ya Koboko tulikimbia kwenda Kongo. Baba yetu alikuwa askari. Jirani yetu alikaa kupanga: tutapita wapi, tutalala wapi, tutabeba nini. Sisi tulivuka tu. Yeye alibaki pale."

Niliinamisha kichwa. Lakini moyoni nilikuwa nawaka, kwa sababu jirani yule, Mungu amrehemu, hakuwa anacheza pool.

Ndipo tukasikia kwamba mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kongo, mwenye duka karibu na soko la Koboko, ameandaa mashindano ya wawili-wawili, na zawadi ni kondoo dume. Tulipanda lori asubuhi ya Jumapili. Meza yake ilikuwa imeinama upande mmoja na kipande cha tofali kimewekwa chini ya mguu. Kabla hatujaanza, mwenye meza akatangaza sheria.

"Kila mutu anacheza na kichwa yake. Mutu akisema na mwenzake, ninamutoa."

Nilitamani kulia. Safari nzima nilikuwa nimemfundisha shemeji, na sasa nafungwa mdomo.

Hata hivyo, kwa jinsi nisiyoielewa mpaka leo, tulifika fainali. Tulipambana na ndugu wawili madereva, wapole, wapangaji wazuri, ambao kwa kweli ningependa kucheza upande wao. Walikuwa wamemaliza mipira ya rangi yao na kubakiza mweusi peke yake. Sisi tulikuwa na myekundu miwili na mweusi, na zamu ilikuwa ya shemeji.

Ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Auguse mwekundu uliokuwa mdomoni mwa shimo la kati, mweupe ubaki palepale, mimi nichukue wa pili uliokuwa umeganda ukingoni, kisha nimwachie mweusi. Nilimtazama kwa macho yote mawili na kushusha kiganja taratibu. Akanitikisia kichwa kuonyesha ameelewa.

Kisha akapiga kwa nguvu zake zote.

Mwekundu wa kwanza ukazama. Mweupe ukagonga ukingo wa mbele, ukagonga wa kushoto, ukarudi, ukaupamia mwekundu wa pili na kuusukuma kwenye shimo la pembeni, halafu ukatambaa kwenye mteremko wa meza na kusimama nyuma ya mweusi, mstari mmoja na shimo. Watu wakapiga makofi. Mmoja wa wale madereva akamshika shemeji mkono na kumuuliza alijifunza wapi kupanga hivyo.

"Ni kuangalia tu," shemeji akajibu.

Mimi nikabaki na mweusi. Nilihofia mweupe usiufuate shimoni, nikapiga kwa upole. Mweusi ukafika mdomoni, ukasita, ukaanguka. Hakuna aliyepiga makofi.

Ndani ya lori, kondoo akinikanyaga miguu, shemeji aliniinamia sikioni.

"Ile nyeusi ulipiga polepole sana," akasema. "Ulitaka kutuharibia."

Nikasema, "Ndiyo, shemeji."

Nyumbani alimweleza mke wangu jinsi alivyoiona ile njia ya kingo mbili kabla hajashika fimbo, akaichora mezani kwa kidole kilicholowa mchuzi. Mke wangu akanigeukia na kuniuliza kwa nini nami sijifunzi kwa kaka yake. Nikaendelea kula.

Tulicheza pamoja miaka miwili zaidi, mpaka alipohamia Koboko moja kwa moja. Katika miaka hiyo miwili hatukushinda hata kuku.