Jina Lililobaki Kwenye Orodha ya Mtihani

Wanafunzi walimwita Bi Kimya, naye alijua. Kwa miaka ishirini na sita aliyofanya kazi ya mitihani pale chuoni, neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina la mume wake. Alianza enzi za mashine za chapa, akichapa maswali ndani ya chumba kilichofungwa kwa nje, na jioni akikaguliwa hadi soli za viatu kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kompyuta zilipoingia, wenzake wa rika lake waliomba kustaafu. Yeye alikaza roho, akajifunza, mwisho akakabidhiwa ukumbi mzima.

Ulikuwa na kompyuta mia moja na ishirini, na mambo yake yalikwenda kwa mpangilio. Mlangoni mtahiniwa alitoa kitambulisho, sura ikalinganishwa na picha, simu ikaingia kwenye bahasha yenye namba. Kiti alipangiwa na mfumo, na kila mtihani mfumo ulipanga upya ili marafiki wasikae pamoja. Kwenye skrini ya kila kiti ilijitokeza picha na jina la mwenye kiti. Akishaingiza neno la siri, kila kitu kingine kwenye kompyuta hiyo kilifungwa, akabaki yeye na maswali yake, na alichoandika kikahifadhiwa chenyewe kila nusu dakika. Na kwa dakika thelathini za kwanza hakuna aliyeruhusiwa kutoka, maana walishatokea watu wakatoka mapema na maswali kichwani, wakawapelekea wenzao wa zamu ya mchana. Sheria hiyo aliipendekeza Bi Kimya mwenyewe, na siku ilipopitishwa alipigiwa makofi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mtihani wa uhandisi wa maji. Dakika ya kumi na mbili, kijana wa mstari wa tano aliinua mkono. Bi Kimya akamwendea taratibu, viatu vyake vya raba havitoi sauti.

"Mama, naomba nitoke kidogo."

"Unaijua sheria, mwanangu. Bado dakika kumi na nane."

"Sijisikii vizuri."

Alimtazama. Jasho lilikuwa kwenye paji la uso, lakini ukumbini siku ya mtihani nani hatoki jasho? Mwezi uliopita tu mmoja alijishika tumbo na kulia kama mtoto, kumbe chooni alikuwa ameficha simu. "Jikaze," akamwambia. "Vuta pumzi, anza na swali unalolipenda." Kijana akaushusha mkono. Hata aliinamisha kichwa kidogo, kama anayeshukuru.

Dakika ya ishirini na sita alikuwa amelaza uso juu ya kibodi. Bi Kimya alidhani amesinzia. Alimgusa bega, na ndipo alipoona kwenye skrini herufi moja ikijiandika yenyewe, mstari baada ya mstari, kwa sababu shavu la kijana lilikuwa limeibana. Moyo wake ulikuwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo. Hakuna aliyejua isipokuwa mama yake, na hata huyo aliambiwa imekwisha. Alifia njiani kuelekea hospitali.

Jioni ile Bi Kimya aliandika ripoti. Alipofika kwenye kisanduku cha maelezo, vidole vilisimama kwa muda mrefu. Kisha akaandika: "Mtahiniwa hakuonyesha dalili yoyote kabla ya kuanguka." Kamera za ukumbini zilichukua picha bila sauti, na baada ya mwezi mmoja picha hujifuta. Aliyekaa jirani alikuwa ameziba masikio kwa vidole, kama wengi wanavyofanya wakisoma swali. Hakuna aliyeuliza. Mkuu wa mitihani alimpa mkono, akamwambia, "Sheria ilifuatwa. Usijitese."

Lakini muhula uliofuata jina lilirudi. Halikuwa limefutwa, kwa hiyo mfumo ulimpangia kijana kuurudia mtihani ule ambao haukukamilika, pamoja na mitihani mingine yote ya darasa lake, na ukampa kiti. Bi Kimya alipopita na karatasi yake ya mahudhurio, akaiona ile picha ikisubiri kwenye skrini, shati jeupe, tabasamu la mtu aliyeambiwa asitabasamu. Chini yake maandishi: "Karibu. Ingiza neno lako la siri." Akaandika "hayupo" na kupita. Mtihani mwingine picha ilikuwa kiti cha kumi na nne, kando ya mlango. Mwingine, cha sabini na saba. Ilihama ukumbini kama mgeni asiyejua akae wapi, na kila asubuhi Bi Kimya aliingia bila kujua ataikuta upande gani. Alianza kusimama mlangoni dakika mbili tatu kabla ya kuwasha taa.

Nyumbani, mume wake, dereva mstaafu asiyeishiwa utani, alimwambia wakati wa chai, "Jana tena umeniambia usingizini nijikaze, bado dakika kumi na nane. Nikajikaza. Sasa niambie, nilikuwa nasubiri nini?" Alipoona mke wake hacheki, akaweka kikombe chini, na tangu hapo hakuutania usingizi wake.

Mwaka ukapita hivyo. Halafu asubuhi moja, katikati ya mtihani, Bi Kimya alikaa kwenye meza ya mbele akitazama skrini ya msimamizi, ambapo kila mtahiniwa ni jina na alama ya rangi: kijani aliyeingia, kijivu asiyekuwepo. Jina la kijana liligeuka kijani.

Alilisoma jina mara mbili. Kando ya jina limeandikwa neno "anaandika", na hesabu ya maneno ilikuwa inapanda: tisa, kumi na moja, kumi na tano. Alisimama, akafuata mstari kwa kushika migongo ya viti. Hakuwaza chochote ila kwamba safari hii atamruhusu atoke, hata kama ni dakika ya kwanza.

Kwenye kiti alikuta msichana, analia huku anaandika.

"Mama," alinong'ona, "kompyuta yangu ilizimika, fundi akanihamishia hapa akanifungulia. Lakini siyo jina langu. Na huyu kaka ananiangalia."

Pembeni ya skrini, ndogo kama stempu, ilikuwa ile picha.

Fundi wa kompyuta, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyesoma na watoto wa Bi Kimya, alikuja mbio akaomba radhi. Alikuwa amefungua kiti kilicho wazi kwa haraka na kusahau kubadilisha jina. Baada ya dakika mbili mambo yakawa sawa, msichana akaongezewa muda wake. Bi Kimya ndiye hakuwa sawa. Mtihani ulipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa karani wa usajili.

"Huyu mtu amefariki mwaka mzima sasa. Kwa nini hamumfuti?"

Karani alitazama, akainua mabega. "Mfumo haumuui mtu bila cheti, mama. Familia haijaleta cheti cha kifo. Tumeandika barua tatu."

"Nipe anwani."

Mama wa kijana alikuwa mshonaji wa sare za shule. Aliishi vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, cherehani karibu na dirisha, na sketi za bluu zimerundikwa hadi kiunoni. Alimkaribisha mgeni, akamtolea kiti, akamletea maji. Bi Kimya alipotaja chuo na cheti, mwanamke yule aliendelea kukunja kitambaa.

"Cheti ninacho. Siyo kwamba nimesahau."

"Basi ni nini, dada yangu?"

Alichukua simu, akatafuta, akamwonyesha. Ulikuwa ujumbe wa chuo, ule unaotumwa kwa wazazi wote: mwanao anatarajiwa kwenye mtihani wa kwanza wa muhula, tarehe fulani, saa tatu asubuhi, ahakikishe anabeba kitambulisho. "Wanautuma kila muhula," alisema. "Siku hiyo naamka mapema. Napiga pasi shati lake jeupe. Najua ni upuuzi, usifikiri nimechanganyikiwa. Ila hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu bado anamngojea."

Bi Kimya aliweka glasi ya maji chini.

"Ripoti yenu niliisoma," mama aliendelea. "Inasema hakuonyesha dalili. Hilo ndilo linanipa nafuu kidogo, kwamba hakuhisi kitu. Wewe ulikuwepo siku hiyo?"

Angeweza kusema hapana. Baadaye alikiri kwa mumewe kwamba neno hilo lilishafika kwenye ulimi. Badala yake akasema, "Nilikuwepo. Ripoti niliiandika mimi, na niliandika uongo." Akaeleza yote: mkono, jasho, maneno ya kijana, na maneno aliyomjibu. Hakuomba msamaha, aliona hana haki ya kumtwisha mwenzake kazi hiyo.

Mama alimtazama hadi Bi Kimya akainamisha uso.

"Ondoka kwangu," alisema, bila kupandisha sauti.

Kesho yake Bi Kimya aliandika ripoti mpya, akaipeleka kwa mkuu wa mitihani. Mkuu aliisoma akaifunika kwa kiganja. "Hii uliifunga mwaka mzima, leo unaifungua ya nini? Umebakiza miaka miwili ustaafu."

"Nilichoandika siyo kilichotokea."

Ikaundwa kamati. Wakamhoji mara mbili, wakamwondoa ukumbini, wakampeleka stoo ya kumbukumbu kuhesabu makaratasi ya zamani, na kumpa barua ya onyo kali. Sheria ya dakika thelathini iliandikwa upya: anayejisikia vibaya anatoka muda wowote akisindikizwa na msimamizi. Hakuna aliyepiga makofi.

Wiki ya tatu, mama wa kijana alikuja chuoni mwenyewe, bahasha kwapani. Karani akamtumia Bi Kimya ujumbe, naye akapanda kutoka stoo akiwa na vumbi mikononi.

"Cheti hiki hapa," alisema mama. "Lakini kabla hawajamfuta, nataka kuona alichoandika. Dakika zile zote alikuwa anaandika kitu."

Majibu ya watahiniwa ni siri, na Bi Kimya hakuwa tena na funguo zake. Akaenda kwa fundi. Fundi naye, bila maswali, akaenda kwa mkuu, na mkuu akajibu tu kwamba mchana huo atakuwa kwenye kikao na hataona lolote.

Ukumbi ulikuwa mtupu, mapazia yamefunguliwa, jua la saa saba limejaa juu ya meza. Fundi akawafungulia karatasi ya kijana kwenye kompyuta moja. Swali lilitaka maelezo ya namna ya kutafuta bomba linalovuja chini ya ardhi. Mama hakuwa amekuja na miwani, kwa hiyo Bi Kimya ndiye aliyesoma, kwa sauti, mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa akiwazuia watu kusema.

"Kwanza funga matumizi yote ya maji katika eneo. Subiri hadi watu watulie. Kisha weka kifaa cha kusikilizia juu ya bomba na utembee polepole, kwa kuwa maji yanayotoka yana sauti tofauti na maji yanayopita. Mtu asiye na haraka ataisikia hata kama…"

Baada ya hapo zilikuwa herufi zile, kurasa nne. Bi Kimya alitaka kufunga, mama akamzuia mkono. Alizipitisha zote hadi ya mwisho, polepole, akizigusa kwenye kioo.

"Alikuwa sahihi?" aliuliza.

"Sijui uhandisi, dada. Nitamuuliza mwalimu wake."

Mwalimu aliisoma siku hiyohiyo, akasema hadi pale alipofikia hakuna kosa hata moja. Bi Kimya alipiga simu kupeleka jibu. Mama akasema, "Sijakusamehe. Sitaki udhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Lakini wewe ndiye mtu wa mwisho aliyeongea naye. Njoo Jumamosi."

Jina likafutwa. Muhula uliofuata simu ya mama haikulia, na asubuhi ya mtihani, alivyosimulia, alikaa kitandani hadi saa nne asijue afanye nini na mikono yake.

Bi Kimya huenda Jumamosi, siyo zote. Hupewa kazi ya kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye sketi na kushona vifungo, na mama humkosoa vikikaa upande. Kuna siku hawasemi lolote la maana. Siku nyingine mama huanza ghafla, kwamba mwanawe alipokuwa na miaka sita aliwahi kujificha ndani ya kabati la nguo kutwa nzima, watu wakamtafuta hadi barabarani, na alipotoka alishangaa kukuta wanalia. Bi Kimya husikiliza, sindano imesimama. Usingizi wake bado ni wa vipande vipande, na mume wake amezoea kuamka akute upande wa pili wa kitanda umepoa.