Jiko Zito na Jiko Jembamba

Hapa Muscat mtu akisema ananunua jiko la kupashia nyumba joto, watu humcheka. Duka nililolipata liko Wattaya, baina ya maduka ya magari, na muuzaji aliniuliza mara mbili, "Nyumba yenu iko mlimani, binti?" Nikamwambia iko Ansab, hapa hapa mjini. Akamgeukia ami yangu niliyekwenda naye, kama kwamba yeye ndiye mwenye akili.

Lakini bibi yangu alikuwa akisikia baridi. Tangu maradhi yalipomkaza, alivaa soksi mbili mbili na bado akitetemeka. Hita ya umeme hakuitaka. "Inanikausha koo, tena haina moto wa kutazama," akasema. Mie nikaanza kuota mchana kweupe: kila msimu wa baridi tutakaa naye mbele ya moto tukila njugu, ananihadithia ujana wake Unguja, mpaka na mie nizeeke.

Palikuwa na majiko mawili. Moja la chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa kikamiminwa kalibuni, zito hata wanaume wanne wasilinyanyue kwa raha. Muuzaji alisema linachelewa kupata moto, lakini likishapata hukaa na joto hata kuni zikizima, na litatumika mpaka kwa wajukuu zangu. La pili lilikuwa la chuma cha pua, la mabamba membamba: linapasha upesi, linapoa upesi, wala halidumu sana, akasema.

"Tuchukue hili jembamba," ami akasema.

"Ami, hili si litakwisha mapema? Lile tutakaa nalo miaka thalathini!"

Akatazama pembeni. "Haya. Chagua wewe."

Nikachagua zito.

Tuliing'oa eisii, kile kiyoyozi cha dirishani chumbani kwa bibi, tukapitisha bomba la moshi kwenye tundu lile. Bibi akalitazama jiko kutoka kitandani. Mie alikuwa akiniita mke mwenzake, utani wa tangu babu yu hai. "Mke mwenzangu," akasema, "umeniletea gari la moshi?"

Muuzaji alituusia tulizoeshe: siku tatu za mwanzo moto mdogo tu, lisije likapasuka. Siku tatu nzima bibi alingojea mbele ya vijiti viwili vitatu, mie namwambia, "Kesho, bibi. Kesho utatoka jasho." Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nikatia magogo. Ilipita zaidi ya saa nzima, lakini likawaka kwelikweli. Bibi akavua soksi. Nilifurahi hata akili ikanitoka. Nikataka chumba kinukie kama asubuhi ya Idi, nikajaza kikombe marashi ya mawaridi, nikayamimina baridi vile vile juu ya chuma kilichoiva moto.

Ka!

Ufa ukatoka juu ukashuka mpaka mlangoni. Moshi ukajaa. Ami akazima kwa mchanga, tukambeba bibi sebuleni amefungwa mablanketi, meno yanamgongana.

"Usimgombeze," bibi akamwambia ami. "Alitaka kunirashia kama biharusi."

Hatukucheka.

Ami akachukua funguo za gari. Nikamfuata mpaka nje. "Unakwenda kununua lile jembamba? Mwenye duka mwenyewe kasema halidumu, ami."

"Lidumu la nini?" akasema, kwa ukali nisiouzoea. Kisha akaingia garini, akainamia usukani, na gari asiliwashe.

Ndipo nikafahamu: daktari alimwambia yeye kuwa bibi hana siku nyingi, mie hakuna aliyeniambia. Kule dukani alikuwa anajua, akashindwa kulitamka mbele yangu, akaniacha nichague miaka thalathini. Na bibi siku zile chache alizobakiwa nazo, tatu nzima nilimngojesha kwenye baridi.

Jiko jembamba lilipasha chumba kabla birika halijachemka. Bibi alikaa kitako kitandani, akaomba chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa, akasema, "Hili halina maringo." Alipata siku kumi na moja za joto. Nilizihesabu baadaye, wakati ule sikutaka kuhesabu kitu.

Asubuhi ya kumi na mbili jiko lilikuwa linaunguruma, mie jasho linanitiririka shingoni, lakini mikono yake niliyoishika haikupata moto. Nikaongeza kuni. Nikaongeza tena. Ami aliingia, akanitoa gogo mkononi taratibu, akaliweka chini, akaniambia nimfumbe bibi macho.