Shali Iliyoingia Kapuni

Ukitaka kugombana na Mama Vipande, mwambie tu kwamba kitu fulani ni takataka. Hatapaza sauti. Atakichukua mkononi mwako, atakigeuza huku na huku, atakuuliza, "Takataka kwa nani?" na baada ya siku chache utakikuta nyumbani kwake kina kazi. Ndivyo madumu ya mafuta ya kupikia yalivyogeuka vyungu vya maua. Ndivyo tairi mbovu zilizotupwa nyuma ya gereji zilivyovishwa magunia, zikajazwa mabaki ya nguo, zikawa vigoda ambavyo mtu akishakaa hataki kuinuka. Mlango wa chumba chake una pazia la vizibo vya soda, na taa ya sebuleni imevaa kofia ya vijiti vya aiskrimu. Vijiti hivyo aliviokota mwenyewe nje ya shule, mchana kweupe, na aliyetaka kucheka alicheka.

Jina lenyewe alilipata kiwandani. Alikuwa mkata kola katika kiwanda cha sare, na kila jioni, wenzake wakijikung'uta nyuzi na kwenda zao, yeye aliinama chini ya meza kuokota vipande. Wakamcheka, wakambandika jina, naye akalibeba jina pamoja na vipande akaenda navyo nyumbani. Kiwanda kilipofungwa, mumewe aliyekuwa bawabu alikuwa ameshafariki, na binti yao wa pekee alikuwa bado mdogo wa kufungwa kamba za viatu. Watu wakasema sasa huyu mama ataanza kuombaomba. Hakuomba. Alisuka mazulia ya vitambaa, akashona mito, akauza sokoni, na binti akasoma mpaka akapata kazi kwenye duka la dawa.

Kando ya mlango wa nyumba hiyo kuna kapu kubwa lililosukwa kwa mifuko ya nailoni. Mtaa mzima unalijua. Ukiwa na shati lililochanika au shuka iliyochoka, unapita, unaitumbukiza, unaendelea na safari yako. Hakuna hodi wala asante. Na kikishaingia humo, basi, hakiulizwi tena. Jirani mmoja alipowahi kuja kudai suruali ya mumewe, aliyoitumbukiza kwa hasira baada ya ugomvi, alionyeshwa mto. "Mfuko wa nyuma ndio huu hapa," Mama Vipande alimwambia. "Mpelekee, angalau aulalie."

Sasa binti akapata mchumba, kijana mpole, fundi wa majokofu, na wakwe wakatoa taarifa kwamba Jumamosi watakuja kujitambulisha. Hapo ndipo dada mkubwa wa Mama Vipande alipoingia na kasi zake. Huyu ana duka la vipodozi na makochi yenye mikono ya dhahabu, na tangu utotoni hajawahi kukubali kwamba mdogo wake ana akili timamu.

"Utawakalisha wakwe juu ya matairi?" akauliza, amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Nitawakalisha juu ya vigoda."

"Mdogo wangu, usinitie aibu. Nitaleta makochi yangu. Haya mavitu yako tuyafungie stoo."

"Sina stoo, dada. Na ningekuwa nayo, ningeyafungia makochi yako."

Maneno ya dada hayakumuuma, alikuwa ameyazoea. Yaliyomuuma yalitoka kwa binti, aliyekuwa ameinamisha kichwa na kuchezea simu. "Mama, ni siku moja tu," alisema. "Wakiondoka tunarudisha kila kitu mahali pake."

Mama Vipande aliweka mto mmoja sawa. Zulia alilokuwa analisuka wakati ule lilikuwa la huyu huyu binti, la nyumba yake mpya, na alikuwa amelifanya siri. Ndani yake mlikuwa na kaki ya sare ya marehemu baba yake, na bluu ya sketi yake ya shule ya msingi, na maua ya shuka aliyozaliwa juu yake. Lilikuwa limebaki pindo tu.

"Vitu unavyotaka vijifiche ndivyo vilivyokulea," alisema hatimaye. "Wakija kwangu, wakute kwangu. Anayetaka makochi atakaa kwa mama yako mkubwa."

Jumamosi wakaja. Mama wa kijana alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu wa maneno machache, na aliandamana na kaka yake, mjomba wa kijana. Mama Vipande alikuwa jikoni amekamatwa na sufuria, kwa hiyo aliyewapokea mlangoni ni dada mtu, aliyejaa vicheko na manukato. Joto lilikuwa kali. Mkunga akavua shali yake ya kijani, akatazama pa kuiweka, akaona kapu safi lililokaa pale mlangoni kama limewekwa kwa ajili ya wageni. Akaikunja vizuri, akaiweka ndani. Hakuna aliyemwona.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mjomba alikaa juu ya kigoda cha tairi, akajaribu kudunda kidogo, akacheka peke yake. Mkunga alitazama taa, akatazama mito, akatazama pazia la vizibo. Kisha akauliza, "Hivi vyote umetengeneza mwenyewe?"

Kabla Mama Vipande hajafungua mdomo, dada yake alidakia. "Ah, hivi ni vya muda tu, mkwe! Vitu vipya viko njiani."

Mama Vipande akamgeukia binti yake. Alichotaka ni neno moja tu, hata kikohozi kingetosha. Binti alitazama vidole vya miguu yake. Wageni wakaaga jua lilipopoa, na mkunga, ambaye joto lilikuwa limemsahaulisha, akaenda zake bila shali.

Kesho yake mama aliamka na hasira zilizolala naye kitanda kimoja. Akiwa na hasira hafokei mtu, anakata. Akaliendea kapu, akaingiza mkono, akatoa kitambaa cha kijani, kizito na laini, ambacho hakijachoka hata chembe. Akadhani ni jirani amepata neema. Akakiinua dirishani: ndiyo rangi ya pindo aliyokuwa akiitafuta mwezi mzima! Mkasi ukalia. Hadi mchana shali ilikuwa mikanda membamba, na hadi jioni mikanda ilikuwa imesukwa ikazunguka zulia lote, na yeye amekaa chini analitazama, hasira zimemtoka zote.

Binti akarudi kutoka kazini, viatu mkononi. "Mama, mama mkwe kapiga simu. Kasahau shali yake hapa. Ya kijani. Wanawake aliowazalisha walimchangia siku alipostaafu, anaipenda kuliko..." Macho yakamtua kwenye zulia. Viatu vikamponyoka.

Dada mkubwa aliitwa, akaja mbio, akashika kichwa, akaketi, akainuka. "Tunanunua nyingine," akasema. "Ikikosekana inayofanana, tunasema imeibwa. Tuliifua kwa heshima, tukaianika, ikaibwa kambani. Mtu gani atabisha?"

"Mimi," akasema Mama Vipande.

"Mama, nakuomba," binti akasema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Wakisikia umeikata watatuona watu gani? Watamwambia aniache. Utaniharibia maisha yangu kwa kiburi!"

"Nimeikata mimi kwa mkono huu, na nitasema kwa mdomo huu. Kosa langu silipakazii mwizi asiyekuwepo." Akaanza kukunja zulia. Aliogopa, asikudanganye mtu. Alijua anachocheza nacho ni ndoa ya mtoto wake wa pekee. Lakini alijua pia kwamba akiidanganya ile familia leo, kila atakapoingia nyumbani kwao ataingia na uongo kwapani, na hilo hakuliweza.

Asubuhi iliyofuata akajitwisha zulia, akatoka. Binti alimfuata akimvuta mkono mpaka kona ya kwanza, akimsihi mpaka ya pili, na baada ya hapo akamfuata tu, kimya, umbali wa mtu asiyetaka kujulikana ametoka na nani.

Mkunga aliwapokea kwenye sebule iliyopangwa vizuri, kila kiti na kitambaa chake. Mama Vipande hakukaa. Alilikunjua zulia katikati ya sakafu, akaonyesha pindo.

"Mkwe, shali yako ni hii. Uliiweka kwenye kapu langu, na kila kinachoingia kapuni huwa nakikata. Sikuuliza ni ya nani. Nimekosa."

Mkunga alilitazama pindo. Uso wake haukuonyesha kitu, na huo ndio uliokuwa uso mbaya zaidi. "Mama mkubwa wa huyu binti kanipigia simu jana," akasema taratibu. "Kaniambia imeibwa kambani. Kaniambia mtaa wenu umejaa wezi."

Binti akafumba macho. Mama Vipande yeye aliwaka. "Mtaa wetu hauna wezi," akasema. "Una mimi."

"Wewe mwanamke, umekuja kuniomba radhi au kujivuna?"

"Kwa shali naomba radhi, na nitaomba mpaka uchoke. Kwa zulia siombi, ni la nyumba ya hawa watoto."

Mkunga akamwacha, akamgeukia binti. "Na wewe? Ndiye utakayekaa na mwanangu. Wakubwa zako wawili wameniletea maneno mawili. La kwako ni lipi?"

Mama Vipande hakumtazama binti yake, hakuthubutu. Alikuwa amemtazama Jumamosi, na alichokiona kilimtosha. Akakaza macho kwenye ukuta na kujiambia kwamba lolote litakalosemwa atalibeba, kama alivyobeba mengine.

Akasikia viatu vinavuliwa. Binti alikuwa amekanyaga zulia, akaketi katikati yake, akaweka kiganja juu ya mstari wa bluu.

"Hii ilikuwa sketi yangu ya shule," alisema. "Ilipokatwa nililia siku nzima. Hii kaki ni ya baba. Sikujua kama mama bado anayo. Shali yako ameikata, mama, ni kweli, hakuna mwizi. Jumamosi ulipouliza nani katengeneza vile vitu, mimi ndiye niliyepaswa kukujibu, nikaona haya. Ni yeye. Vyote. Hata hii nguo niliyovaa. Na ukisema nikamtafute mume mwingine, nitakwenda kumtafuta, lakini nitaondoka na mama yangu."

Mama Vipande akaendelea kuutazama ukuta, ila sasa haukuonekana vizuri.

Mkunga aliinama kwa shida ya mtu wa magoti mabovu, akalishika pindo, akalifuata kwa vidole kutoka pembe hadi pembe. Alikuwa na huzuni, na hakuificha. "Walinivisha mabegani mmoja mmoja akinishika," alisema. Kisha akainuka. "Nendeni nyumbani. Zulia liacheni."

Siku zikapita bila salamu wala simu. Dada mkubwa alipita kila jioni kusema "nilikwambia," na kila jioni alijibiwa kwamba mlango umefunguliwa kwa kutokea pia. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na jambo jipya: binti akirudi kazini alikaa sakafuni karibu na mama yake, akachukua mikanda mitatu, akaanza kusuka. Alisuka vibaya. Mama alifumua, akamrudishia, na hakuna aliyemsema mwenzake.

Ndipo ujumbe ukaja: wakwe wanarudi Jumamosi kupanga harusi. Safari hii dada mkubwa hakuuliza mtu. Aliyaleta makochi asubuhi kwa mkokoteni na kuyaingiza ndani Mama Vipande akiwa kisimani. Mama aliporudi na ndoo kichwani aliyakuta uani, yamepangwa juani, kuku mmoja ameshakaa kwenye mkono wa dhahabu. Mlangoni binti alikuwa anaviringisha kigoda cha mwisho kukirudisha ndani, jasho linamtiririka. "Mama mkubwa, usininunie," alikuwa anasema. "Kuku anakaa vizuri tu."

Mkunga alifika na mjomba. Joto lilikuwa lile lile, na mabegani alikuwa na shali mpya, nzito, ameifunga fundo kifuani. Jasho lilimtoka usoni hadi shingoni. Dada mkubwa akanyoosha mkono kuipokea.

"Niache nayo," mkunga akasema. "Nyumba hii naijua." Akalipita kapu kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa asiyemwamini, akachagua kigoda, akakaa.

Mjomba akacheka hadi akakohoa. Mama Vipande akasimama mbele ya mgeni wake, hajui kama acheke au asubiri kupigwa.

"Lile zulia," mkunga akasema, "liko kando ya kitanda changu. Kila asubuhi miguu yangu inashukia juu ya wale wanawake wote walionichangia. Hao watoto siwapi. Watengenezee jingine."

"Jingine nitalitoa wapi? Rangi zile..."

Mkunga akafungua mkoba wake. Akatoa gauni jeupe la kazi, limepigwa pasi, na mkanda wake wa kiunoni. Akainuka, akalirudia kapu, akalitumbukiza gauni humo kwa mkono wake mwenyewe.

"Mkwe," Mama Vipande akasema, "hilo unalisahau au unalitoa?"

"Nalitoa."

"Rudia, mashahidi wasikie."

"Nimesema nalitoa!"

Binti alikuwa ameshaufikia mkasi.