Mshika Kibendera na Sauti ya Nyuma Yake

Siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Jumamosi alikuwa mshika kibendera, na mshika kibendera kazi yake ni kuwapa watazamaji mgongo. Hageuki, hajibu. Alipenda lile jua la alasiri, vumbi jembamba likining'inia hewani, wachezaji wakielea ndani yake, naye akienda kiubavubavu kando ya mstari wa chokaa, huku na huku, hata asijue kama anatembea au anaota.

Sauti moja tu ndiyo iliyomzindua. "Wewe kipofu! Hicho kitambaa nenda kafutie meza!"

Ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuwa shabiki wa damu wa timu ya mtaa, na walishapatana zamani kwamba uwanjani hakuna baba wala mwana. Nyumbani alikuwa mpole, mchache wa maneno. Uwanjani alimpasha mwanawe vilivyo, na katikati ya matusi akachomeka habari za nyumbani. "Kipofu, na bomba la jikoni linavuja!" Watu walicheka. Mwana naye alicheka, lakini kimoyomoyo.

Msimu huu mzee alianza kuwauliza jirani zake wa jukwaani, kijanja, kama anayetaka maoni tu: "Eti, hiyo umeionaje?" Nyumbani alimimina chai nje ya kikombe, akakilaumu kikombe. Mwana alielewa na akanyamaza, maana mzee hangekiri hata kwa dawa. Ila alikaa kwenye cherehani yake akashona vibendera viwili vya turubai nzito, vyenye kulia pa! vikikung'utwa. Kimoja akampa mwenzake wa upande wa pili, isije ikasemwa anapendelea.

Jumamosi ya mwisho timu ya mtaa ilihitaji bao moja tu isishuke daraja. Dakika za lala salama pasi ikapenyezwa, na mshambuliaji wao alikuwa ameotea, amemzidi beki wa mwisho kwa bega. Kibendera kikapanda. Mpira ukatikisa nyavu, uwanja ukalipuka, filimbi ya refa ikamezwa na kelele. Kisha watu wakakiona kibendera, mmoja baada ya mwingine, na shangwe ikanyauka.

Ikabaki sauti moja. "Tumepona! Tumepona jamani!" Mzee alikuwa akicheza peke yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mwana alisikia viatu vyake vikipiga ubao wa jukwaa. Angegeuka, neno moja tu lingetosha. Hakugeuka. Alikikung'uta kibendera kwa nguvu, pa!

Viatu vikasimama.

Hapo ndipo wengine walipokumbuka kutukana. "Kipofu huyo! Kipofu!"

"Mwacheni," mzee alisema taratibu, kwa sauti yake ya nyumbani. "Kipofu ni mimi. Huyo anaona."

Mwana aliendelea kuutazama mstari wa mabeki, ingawa ulikuwa umeanza kucheza kwenye machozi.

Mpira ulipokwisha na timu imeshuka, aligeuka. Akamnyooshea mzee kijiti cha kibendera, mzee akapapasa, akakishika, na wakatoka uwanjani hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Na lile bomba," mzee akasema njiani, "bado linavuja."

"Nitalitazama, baba."